Nani Aliyemlisha Bi Nyamizi

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, na mwenye la kunong'ona alimalize sasa hivi, maana kisa hiki kina swali mkiani, na swali lenyewe nitawaachia ninyi. Sitaki mtu aje kuniambia hakusikia.

Tabora palikuwa na wanawake watatu, wote wa nyumba ya marehemu Mzee Songoro, na kila mmoja alikuwa na alichojaliwa.

Wa kwanza ni Tausi, binti yake wa kumzaa. Tausi alijaliwa kusikia yasiyosemwa. Ukienda kwake na jambo moyoni, atakutazama unavyovua viatu, kisha atakuuliza, "Umegombana na nani?" Lakini jikoni, jamani, hakujaliwa kitu. Ugali wake madonge matupu, chai yake kila siku inafurika na kuzima jiko.

Wa pili ni Kalunde, mke wa Mrisho, kaka yake Tausi. Kalunde alijaliwa mkono. Mwingine angefungua kabati, akaona halina kitu, akalifunga. Kalunde angelifungua kabati lile lile akatoa chakula cha watu wote na kikabaki. Maneno ndiyo hakuwa nayo. Ungeweza kushinda naye kutwa ukaambulia "eeh" na "hapana".

Wa tatu ni Bi Sikitu, mke mdogo wa marehemu, aliyekaa upande wa Ng'ambo. Yeye alijaliwa ulimi. Sisemi ulimi mtamu. Nasema ulimi ambao ukimgusa mtu aliyeapa kunyamaza, anajikuta ameshajibu.

Na aliyewakutanisha hao watatu ni mtu wa nne, Bi Nyamizi, mke mkubwa wa Mzee Songoro na mama yake Tausi. Yeye ndiye aliyekuwa anakufa.

Mzee Songoro alikuwa mpishi wa treni. Ujana wake na utu uzima wake vyote viliishia kwenye behewa la chakula, akienda Dar es Salaam na kurudi Kigoma, akipika huku sakafu inacheza chini ya miguu yake. Alistaafu, akaugua, akafariki. Bi Nyamizi akakaa eda chumbani kwake, Bi Sikitu akakaa eda yake kule Ng'ambo, maana wake wenza hao walikuwa hawasemezani. Hata siku ya maziko kila mmoja alikuwa na chumba chake na waliaji wake.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, na majamvi yakakunjwa, ndipo Tausi alipogundua jambo lililomtia baridi. Mama yake alikuwa hali.

Hakuwa amegoma. Angegoma wangebishana naye. Alikuwa anapokea kila kitu kwa upole. Ukimpelekea uji wa ulezi, atasema, "Weka hapo mwanangu, nitakunywa." Ukimpelekea supu ya kuku, "Weka hapo, nitakula." Ukirudi, uji umefunga utando, supu imeganda mafuta, na yeye amelala kaugeuzia ukuta uso. Maji alikunywa. Chai kavu alionja. Basi. Tausi alikuwa akirudisha sahani jikoni zikiwa zimejaa vile vile, na kila sahani aliyoirudisha aliiona nzito kuliko iliyotangulia.

Alikuwa na sababu ya kuogopa zaidi ya wenzake. Alipokuwa mdogo, dada yake mama yake alifiwa na mume, akaanza hivyo hivyo, "weka hapo, nitakula", mpaka naye akazikwa. Tausi aliwakumbuka wanawake walivyosema pale msibani, "Amemfuata mumewe," wakisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile mtu amemfuata mumewe dukani. Maneno yale hayakuwahi kumtoka.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, nesi aliyekaa nyumba ya jirani alikuja kumpima Bi Nyamizi presha. Alipomaliza akamvuta Tausi ukumbini.

"Imepanda sana," alisema. "Na dawa zenyewe siwezi kumpa na tumbo tupu, zitamwangusha. Mwili unakauka, Tausi. Kama hajala leo, kesho asubuhi mapema tumpeleke hospitali wakamlishe kwa mpira."

Kutoka chumbani sauti ya Bi Nyamizi ikasikika, nyembamba. "Mimi nina eda. Sitoki humu. Na huo mpira mtautia maiti."

Nesi akakunja kipimo chake akaondoka.

Siku hiyo mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri. Njia ya kwenda sokoni iligeuka mto, duka la pembeni halikufunguliwa. Mrisho alikuwa kazini Mpanda, akipiga simu inayokatika katika, "Amekula? Haloo? Amekula nini?" na kila alipouliza, Tausi alidanganya kidogo, kisha simu ilipokatika akalia kidogo, kisha akajifuta akarudi chumbani kukaa kando ya kitanda.

Alikaa pale akisikiliza pumzi za mama yake. Zilikuwa fupi. Mara nyingine ilipita kitambo kati ya pumzi moja na nyingine, na Tausi naye alijikuta ameacha kupumua, akingoja.

Mchana ukapita hivyo. Alasiri mvua ikapungua, na kutoka stesheni treni ya mizigo ikapiga honi.

Bi Nyamizi, aliyekuwa kaugeuzia ukuta uso tangu asubuhi, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Akalamba midomo. Kisha akakumbuka, akageukia ukuta tena.

Ni jambo dogo sana hilo. Mtu mwingine asingeliona. Lakini Tausi alisimama wima kama aliyechomwa mwiba. Alikumbuka. Walipokuwa watoto, honi ya treni ya baba ilipolia, mama yao alikuwa akinawa mikono, anatandika mkeka, anakaa kungoja. Baba angeingia ananuka moshi wa treni, na mkononi ana kopo la bati lenye wali wa kukaanga, alioukaanga mwenyewe kutokana na wali uliobaki behewani. Hata siku za mapumziko aliupika nyumbani, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusogelea jiko. Mama yao aliyempikia kila mtu kila siku, siku hiyo alikaa akaletewa. Duniani pote hicho ndicho chakula pekee alichokula bila kukipika yeye.

Mama hakuwa amekataa chakula. Alikuwa anangoja chakula kimoja tu, na aliyekuwa akikileta hayupo.

Tausi akakimbilia jikoni.

"Wifi! Wali wa kukaanga! Anataka wali wa kukaanga wa baba!"

Kalunde alikuwa anapepea mkaa uliolowana. Aligeuka. "Amesema?"

"Hajasema. Najua."

Mwingine angemwuliza umejuaje. Kalunde akauliza, "Ulikuwaje?" Yeye aliolewa mzee akiwa ameshadhoofu, hakuwahi kuuona.

"Ulikuwa na mayai. Karoti ndogo ndogo. Kitunguu. Na ile soya nyeusi ya chupa. Na ulikuwa..." Tausi alihangaika na vidole vyake. "Ulikuwa unamwagika, wifi. Punje moja moja. Haushikani."

"Basi haukuwa wali mpya," alisema Kalunde. "Mpya unashikana. Tunataka kiporo."

Kiporo kilikuwepo. Ni ule wali wa jana aliourudisha Bi Nyamizi, umefunikwa kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya beseni la maji ya baridi. Kalunde akafunua, akaunusa. Akachukua punje akaisugua kati ya vidole, kuona kama inateleza. Akaitia mdomoni. Tausi alikuwa anamtazama mdomo kama mtu anayesubiri hukumu.

"Mzima," alisema Kalunde. "Lakini ndio huu tu. Mchele umekwisha. Tukiunguza hatuna mwingine."

Akafungua kabati. Kulikuwa na kitunguu kimoja kilichoanza kuchipua, karoti iliyonyauka mpaka inakunjika, punje za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kikavu kama kijiti, kopo la njegere lililoletwa msibani na halijafunguliwa, na mayai mawili. Yai la kwanza alilipasulia kikombeni. Lilikuwa viza. Tausi akaziba pua na macho yakamjaa machozi, na si kwa harufu tu. Kalunde akamwaga, akasuuza kikombe, akapasua la pili taratibu. Zima. Yai moja, basi.

"Soya?" aliuliza Kalunde.

Ilikuwa nyuma kabisa ya kabati, chupa ya mzee mwenyewe, kifuniko kimegandia kwa utomvu mweusi uliokauka. Ilibaki kidogo chini, nzito kama asali. Kalunde aliishika, halafu akasita.

"Ni chupa ya baba. Nisiitumie?"

Tausi akaitazama ile chupa. Vidole vya baba yake vilikuwa vya mwisho kuifunga.

"Itumie," alisema.

Kalunde akaizamisha shingo kwenye maji ya moto mpaka kifuniko kikalegea, akatia kijiko cha maji ya moto ndani, akatikisa, ukatoka mchuzi mweusi kamili. Mkaa ulikuwa bado unatoa moshi bila moto, na wali wa kukaanga hautaki moto wa kubembeleza. Akachomoa magunzi makavu aliyoyaficha juu ya dari la jikoni, akayapanga juu ya mkaa, akapuliza. Moto ukasimama.

Hapo ndipo ungemwona Kalunde. Alipaka vidole mafuta, akauchambua wali donge kwa donge mpaka kila punje ikawa peke yake. Karoti aliikata vipande vidogo mno, mtu asijue ilikuwa imenyauka. Karai lilipopata moto na mafuta yakaanza kutoa moshi, alimwaga lile yai moja, akalizungusha likawa jembamba kama karatasi, akalitoa, akalikatakata nyuzi nyuzi ili lionekane kila mahali. Akakaanga kitunguu, saumu na tangawizi. Harufu ikapanda. Karoti, njegere. Kisha wali wote, akautandaza kwenye karai, halafu akauacha.

"Koroga!" Tausi alisema. "Wifi, koroga, unaungua!"

"Hauungui."

"Nasikia unalia!"

"Wifi," alisema Kalunde, "toka nje kidogo."

Tausi akatoka, akasimama barazani akiyasikiliza yale mafuta, mikono kifuani. Alisikia mwiko ukigonga karai, ukinyamaza, ukigonga tena. Alisikia soya ikimwagwa pembeni ya karai, ikachemka ghafla. Aliporudi, sahani ilikuwa tayari. Wali wa rangi ya kahawia, wenye doa la njano hapa na la kijani pale, na ulipotikiswa ulimwagika punje moja moja.

"Ndio wenyewe," alisema Tausi. 

Akaubeba mpaka chumbani kwa mikono miwili, akauweka juu ya kigoda karibu na kitanda. Bi Nyamizi alikuwa amefumba macho. Pua zikacheza. Macho yakafumbuka, akageuka kabisa. 

"Nani kapika?"

"Kalunde, mama."

Bi Nyamizi akautazama ule wali kwa muda mrefu. 

"Mwambie ahsante. Mkono wake mzuri." Kisha akavuta kanga. "Rudisha."

"Mama, kijiko kimoja tu. Ni wali wa baba."

"Songoro hayupo," alisema mama yake. "Wali wa Songoro utapikwa na nani?" Akajifunika uso.

Tausi alikaa chini sakafuni. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile Tausi alimwona anatetemeka. Wali ulikuwa unapoa. Hapakuwa na mchele mwingine, wala yai, wala wazo. Nje giza lilikuwa linakaribia, na baada ya hapo asubuhi ingefika, na ule mpira.

Ndipo hodi ikapigwa.

Tausi alifungua, akaona mtu aliyevaa nguo nyeupe za eda, zimerukiwa tope mpaka magotini. Bi Sikitu.

"Mama Mdogo! Wewe si una eda?"

"Najua nina nini."

"Watu wamekuona?"

"Wenye macho wameniona," alisema Bi Sikitu. "Nesi wenu kapita kwangu, kanieleza. Nipishe."

Tausi hakumpisha. Aliijua chuki ya wawili hao tangu utoto wake. Alijua jina la Sikitu lilivyokuwa halitajwi nyumbani mwao, na ikibidi litajwe, mama yake alisema "yule". Na sasa presha ya mama yake ilikuwa pale ilipokuwa.

"Mama Mdogo, samahani. Ukimwudhi atakufa."

"Na mkimbembeleza?"

 Tausi alimtazama yule mwanamke machoni. Alitafuta uovu, na yeye ndiye aliyejaliwa kuona yaliyofichwa. Aliona mtu aliyekosa usingizi siku nyingi. Akasogea pembeni.

Bi Sikitu aliingia chumbani bila salamu, akakaa mkekani, akavuta kigoda, akachukua kijiko akaanza kula ule wali. Alitafuna taratibu. Chini ya kanga hapakuwa na mtikisiko.

"Mh," alisema. "Umepikwa vizuri. Lakini si wa Songoro. Songoro akiwa kwangu alikuwa anautia mdalasini."

Akachota kijiko kingine.

"Mdalasini mwingi, na sukari kidogo. Kisha ananiambia, 'Sikitu, huu ni wako. Mwenzio simpikii hivi.'"

 Tausi alinyoosha mkono aipokonye sahani na amtoe nje yule mwanamke, awe mke wa baba, awe nani. Kanga ikasema, "Mwongo."

Mkono wa Tausi ukabaki hewani.

"Nani mwongo?" aliuliza Bi Sikitu, anaendelea kutafuna.

"Wewe." Kanga ikashuka. Uso wa Bi Nyamizi ulikuwa wa kijivu, lakini macho yalikuwa yanawaka. "Songoro hakutia mdalasini kwenye wali tangu azaliwe. Mdalasini ulikuwa unampa kiungulia."

"Kwako, labda."

"Kwangu na kwa treni nzima!" Alijiinua kwa kiwiko. Tausi alikimbia kumwekea mto mgongoni. "Unanifundisha mimi? Lete hiyo sahani. Lete nikuonyeshe."

Akatia kijiko kimoja mdomoni. 

"Hakuna mdalasini," alisema. Akatafuna. "Yai ni moja hili, Songoro alikuwa anatia matatu. Tangawizi imezidi." Akala cha pili, kuhakikisha. "Eeh. Imezidi."

"Mimi naona imepungua," alisema Bi Sikitu.

"Wewe unajua nini?" Cha tatu. "Na karoti alikuwa anazikata kubwa zaidi ya hizi. Na soya..." Hapo alisimama. Kijiko kikabaki katikati. "Soya hii ni yake."

"Ndiyo, mama," alisema Tausi.

Bi Nyamizi akameza. Akatazama sahani, akaona alivyoila. Na tangu mumewe afariki, siku hiyo ndiyo ya kwanza kulia, kilio cha sauti, mabega yote yanatikisika. Bi Sikitu naye akalia. Hawakushikana. Lakini Bi Sikitu aliisukuma sahani karibu na mwenzake akasema, "Malizia," na Bi Nyamizi akasema, "Kula na wewe," wakaimaliza pamoja, machozi na wali. Tausi akamletea mama yake dawa, akazimeza.

Alipomsindikiza Bi Sikitu nje, Tausi alishindwa kujizuia. "Mama Mdogo, kweli baba alikuwa anatia mdalasini?"

Bi Sikitu alikuwa anatafuta kandambili zake kwenye tope. Hakuinua uso.

"Mwanangu, baba yako hakunipikia hata mara moja. Kwangu alikuwa anakuja, anakaa, anapikiwa. Wali huo nimeuonja leo." Akapata kandambili. "Usimwambie mama yako."

Bi Nyamizi alipona. Alianza na wali kidogo, akaja kwenye uji, akaja kwenye ugali, akarudia kugombeza kuku. Bi Sikitu hakutoka salama hivyo. Kule Ng'ambo walimwona akivuka na nguo za eda, na maneno yakaenda nyumba hadi nyumba: amekosa haya, kaburi halijakauka. Shekhe alisema hadharani kwamba mwenye dharura ana ruhusa ya kutoka, lakini wako majirani walioacha kumsalimia mpaka leo.

Eda zilipokwisha, Bi Nyamizi aliwaita wote watatu, na Mrisho alikuwepo. Katikati ya ukumbi aliweka cherehani yake, ile ya miguu, aliyoshonea nguo za nusu ya mtaa. Macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano.

"Nilikuwa nakwenda," alisema. "Nilishafika mbali kuliko mnavyodhani. Mmoja wenu amenirudisha. Cherehani hii haigawanyiki, nayo ni ya yule aliyenilisha. Semeni ni nani."

Na kila mmoja aliitaka. Kalunde alikuwa anashona nguo za watoto kwa mkono, vidole vimejaa matundu, na hakuna kitu alichokitamani kama kile. Bi Sikitu hakujaliwa mtoto, na sasa alikuwa peke yake katika nyumba yenye kimya, na majirani hawaji; angalau mlio wa cherehani ungekuwa mwenzake. Na Tausi alijifunza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani ile ile, mama yake anashona. Aliutambua mlio wake kabla hajatambua jina lake mwenyewe.

Mrisho ndiye aliyeanza. "Mama, mtu hali maneno. Aliyekulisha ni aliyepika. Yai moja, karoti iliyokufa, mkaa wa maji. Nani mwingine angetoa chakula pale?"

Kalunde aliinamisha kichwa, lakini hakukataa. Alisema tu, "Kingeungua, kisingekuwepo cha kubishania."

"Kilikuwepo, na kilikuwa kinapoa," alisema Bi Sikitu. "Kimepikwa, kimeletwa, kimekataliwa. Mimi nilipoingia mlikuwa mmekaa chini. Jina langu limeharibika mjini kwa sababu ya kijiko kile cha kwanza."

"Na mimi je?" alisema Tausi, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Mngepika nini? Uji mwingine? Mama Mdogo angebishana kuhusu nini, supu? Ni mimi niliyejua. Na ni mimi niliyekufungulia mlango, Mama Mdogo, wakati kila kitu kilikuwa kinaniambia nikufungie."

 Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na kila mmoja alijua wenzake wamesema kweli.

Bi Nyamizi akawatazama kwa zamu. Kisha akamgeukia bintiye.

"Nikisema mimi, wataniambia nimependelea. Nilikuwa nimefunikwa kanga, sikuona yote. Tausi, wewe ulikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyesikia kila neno. Amua."

Tausi akasimama pale. Akijitaja mwenyewe, atakuwa mwamuzi aliyejizawadia. Akimtaja Kalunde, itaonekana amempendelea kaka yake kwa mali ya mama. Akimtaja Bi Sikitu, mama yake atauliza kwa nini, na hawezi kumweleza ukubwa wa alichofanya yule mwanamke bila kumwambia kwamba mdalasini ulikuwa uongo. Akisema ni uongo, mama atajua alirudishwa duniani kwa hila. Asiposema, hakuna atakayejua kwamba Sikitu alikubali kuonekana mke aliyependwa kwa muda wa sahani moja, ili mwenzake aliyependwa kweli apate kula. Alimtupia jicho Bi Sikitu. Bi Sikitu akatikisa kichwa, kidogo tu, mtu mwingine asingeliona.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Nyamizi. "Tunakusikiliza."

Na mimi nanyamaza hapa, kwa sababu sasa ni zamu yenu. Mngekuwa ninyi ndio Tausi, mbele ya mama yenu, wifi yenu na mke mwenza wa mama yenu, cherehani mngempa nani: aliyejua, aliyepika, au aliyefanya wali ukaliwa? Na lile la mdalasini, mngelisema au mngelimeza?

Msinitazame mimi. Wewe uliye karibu na mlango, anza.